Maharagwe Yaliyovunwa kwa Mdomo

Mama aliniambia niende, na mimi nikamwambia nitarudi kabla maharagwe hayajakauka. Hayo ndiyo yalikuwa mapatano yetu nilipofunga mkoba kwenda Uganda na vijana wa parokia. Yeye alisema "nenda" mara tatu. Neno "rudi" hakulitamka hata mara moja, lakini nilikuwa na miaka kumi na tisa, na katika umri huo mtu husikia yale anayotaka kusikia.

Tulikuwa tukikaa Kashuga, Kongo, katika kambi ya waliokimbia vita, baada ya kukimbia kwa mara ya tatu. Mkulima mmoja wa hapo alikuwa amemwazima mama kipande cha shamba mlimani, na mama alikipanda maharagwe kwa mistari iliyonyooka kuliko mistari ya daftari langu. Baba alikuwa amekwisha kufariki, ndugu zangu walikuwa wametawanyika, nami nilikuwa mtoto pekee aliyebaki naye. Wiki mbili za safari na siku chache za kungoja maganda yawe ya njano: nilipiga hesabu hiyo kwa vidole nikaona inatosha. Mtu mmoja hawezi kung'oa shamba lile peke yake kabla ya mvua kuozesha nusu yake, hata akiwa mama yangu.

Mwaliko wenyewe ulikuwa wa kuchekesha. Parokia moja ya ng'ambo ya mpaka ilitaka vijana wanane waende kuimba, kucheza ngoma, kujifunza desturi za wenyeji na kuwafundisha za kwetu, na asubuhi wajitolee kuwahudumia watu waliokuwa wakikimbia vita kutoka Kongo. Maana yake, sisi wa Kashuga tulialikwa kwenda kusaidia wakimbizi. Jirani yetu alicheka mpaka akaketi chini. Alisema ni mara yake ya kwanza kusikia wenye njaa wakialikwa kupakua.

Kiongozi wetu alikuwa mwalimu kijana aliyetoka Kirotshe, tuliyemwita Prezida kwa sababu alikuwa na filimbi na alipenda kusema "mpango wa kazi". Watu wa Kirotshe huamka kila asubuhi wakaliona ziwa, kwa hiyo hujiona wameiona dunia. Yeye hakuwahi kukaa kambini. Padri alikuwa ameandika barua na kuweka sahihi kwamba vijana wanane wanakwenda na vijana wanane watarudi, na Prezida aliibeba sentensi hiyo kama mtu aliyebebeshwa mayai. Alituhesabu asubuhi, alituhesabu jioni, na nakumbuka alituhesabu hata katikati ya sala ya Baba Yetu.

Asubuhi ya kuondoka mama aliomba mkoba wangu, akasema anataka kuongeza karanga. Aliuchukua ndani ya kibanda, akakaa nao muda mrefu kuliko karanga zinavyohitaji, akanirudishia umefungwa kamba. Nilimwambia nitarudi kabla maharagwe hayajakauka. Akasema gari linangoja.

Gari lilikuwa lori la mfanyabiashara mmoja wa Butembo, mcha Mungu, mwenye rozari kwenye usukani na duka la sabuni na vitenge. Alikataa nauli. Alisema tumlipe kwa nyimbo. Tukaona huyu ndiye Mkristo wa kweli, mpaka kizuizi cha kwanza. Askari walipoinyoosha kamba, yeye aligonga bati la nyuma kwa ngumi, nasi tukaanza kuimba kwa sauti nne. Askari waliangalia vijana wanane waliovaa kitenge kimoja wakimsifu Mungu juu ya magunia, wakasahau kuuliza kilichokuwa chini ya magunia. Kufika Sake tulikuwa tumeimba nyimbo zote za Pasaka. Kufika Goma tulianza za Noeli, na tulipokaribia Bunagana sauti ya tatu ilikuwa imekauka kabisa.

Sasa nieleze kosa letu, na naomba nisichekwe zaidi ya kiasi. Mfanyabiashara alibaki mpakani na karatasi zake za mizigo, akatuelekeza tupande kidogo, tutaona hema jeupe, na hapo mtu wa parokia atatupokea. Tulipanda. Mahema meupe yalikuwa mengi, na mbele yake ulikuwepo mstari mrefu wa watu.

Kashuga tulikuwa na kanuni moja tu: mstari ukiuona, ingia kwanza, utauliza ukiwa ndani. Anayeuliza kwanza hukuta sabuni imekwisha. Basi sisi saba tuliingia mstarini bila kutazamana, upesi, kila mmoja na mkoba wake mbele ya kifua. Prezida peke yake alibaki kando akisema labda tuulize. Tulimvuta shati. Alipoona tayari kuna watu sita nyuma yetu, naye akaingia. Nadhani hapo ndipo alipokuwa mtu wa Kashuga.

Mambo yalikwenda vizuri ajabu. Tulipewa uji. Tulipimwa joto la mwili. Kila mmoja alipewa blanketi la kijivu, sufuria na kipande cha sabuni, nasi tukanong'onezana kwamba watu wa nchi hii wanajua kupokea wageni. Dada mmoja wa sauti ya kwanza alisema kwetu hata askofu hapewi sufuria. Tulipofika mezani kwa mwandishi wa majina, Prezida alipuliza filimbi, akatoa hotuba fupi ya shukrani, na tukaimba wimbo wa salamu. Mwandishi, kijana Mganda mwenye Kiswahili cha kujifunza darasani, aliacha kalamu. Alikuwa ameandika wakimbizi wengi maishani mwake, lakini wenye sare na sauti nne hawakuwa wamepita kwake.

Aliuliza karatasi. Wenzangu walionyesha barua ya padri, naye akanakili majina. Mimi nilifungua mkoba kutafuta kadi yangu ya shule, na chini ya karanga mkono wangu ukagusa mfuko wa nailoni. Ndani yake mlikuwa na kadi yangu ya ubatizo, cheti cha kuzaliwa, buletini zangu zote, yaani ripoti za alama, za miaka sita ya sekondari na picha ya pekee ya baba tuliyokuwa nayo, ile aliyopigwa Masisi akiwa amevaa koti la kuazima. Vyote vilikuwa vimekunjwa vizuri na kufungwa kwa uzi ule mama anaofungia mbegu.

Mwandishi alivitandaza mezani, akatikisa kichwa kwa heshima. Alisema, "Dada, wengine wote hapa wamekimbia. Wewe umejiandaa."

Nilimwambia ni mama aliyefunga mkoba. Nilisema hivyo nikicheka, kisha nikaona sicheki tena. Hakuna mtu anayekwenda wiki mbili na picha ya marehemu.

Wenyeji wetu wa kweli walikuwa parokiani tangu asubuhi, na mbuzi aliyechomwa na ngoma zilizopashwa moto juani. Ilipofika saa kumi katekista alipanda pikipiki kututafuta. Alitukuta katika mstari wa uji, kwa mara ya pili. Hakuamini macho yake. Prezida alijaribu kueleza, lakini ni vigumu kueleza mpango wa kazi ukiwa umeshika kikombe.

Kesho yake tulirudi kuomba majina yetu yafutwe. Wenzangu walirudisha blanketi, sufuria na sabuni, ingawa mmoja alikuwa ameshaoga. Lilipofika jina langu, mwandishi aliweka kalamu chini. Aliniambia kwa upole kwamba faili langu limekamilika. Kwamba Ijumaa ya wiki ya pili mabasi yatapeleka watu kwenye makazi ya mbali, ndani kabisa ya Uganda. Na kwamba huko kuna chuo cha ualimu ambacho mtu mwenye buletini kama zangu anaweza kuingia. Kwetu shule ilikuwa imefungwa, na madawati yake yalikuwa yamefanywa kuni za kupikia maharagwe ya askari. Ualimu ndicho kitu nilichokitaka tangu nikiwa mdogo. Alisema nisimjibu siku hiyo, na blanketi nibaki nalo.

Prezida alisikia yote. Tangu saa ile aliacha kuhesabu wanane. Alihesabu saba, kisha akanitazama.

Basi zikaanza wiki zetu mbili za ng'ambo. Tulikuwa tumetazamia kuona ng'ambo yenyewe, na tulichoona ni Masisi ya kwetu: vilima vile vile, viazi vile vile, ukungu ule ule asubuhi, hata mbuzi wenye tabia zile zile. Tofauti ilikuwa ndogo lakini ilitusumbua. Watu wa pale waliacha nguo zao kwenye kamba wakaenda sokoni. Siku ya kwanza sisi wasichana, kwa kuwahurumia, tulianua nguo za kijiji kizima upande ule tukazificha ndani. Ilimchukua katekista saa nzima kuwatuliza wenye nguo.

Asubuhi tulikwenda kule kwenye mahema kugawa uji. Mama mmoja wa Walikale, mwenye sauti ya kuamrisha, alinitambua mara moja. Alinitazama mimi, akatazama upawa mkononi mwangu, akaniambia, "Juzi weye ulikuwa nyuma yangu mu mustari. Leo njo unanipimia uji? Uliomba kwa nani?" Watu walicheka, nami nikamjazia kikombe mpaka ukingoni kwa woga. Tangu siku hiyo kila asubuhi aliniita Mama Mukubwa na kuleta kikombe kikubwa zaidi.

Mchana tulibadilishana desturi. Tuliwafundisha kucheza kwa mabega, wao wakatufundisha kuruka. Walituona wavivu wa miguu, sisi tukawaona wanapoteza nguvu ambazo zingelima. Nililala nyumbani kwa mama mmoja mwenyeji, mjane mnene mwenye huruma nyingi. Kila asubuhi alipoingia kufagia alikuta mkoba wangu umefungwa na viatu vyangu vimeelekea mlangoni. Kwetu ndivyo mtu anavyolala; mimi sikuwahi kulala namna nyingine. Yeye aliona mgeni amechukizwa na chakula na anataka kuondoka. Hakuniuliza, kwa adabu. Aliongeza chakula tu. Siku ya pili alitia siagi, siku ya tatu akachinja jogoo, na kufika siku ya saba alikuwa akinipikia kama mwali wa kuolewa. Nami niliona ni vibaya kubakiza, nikala vyote. Nilinenepa kwa sababu ya kamba ya mkoba.

Lakini sikuwa na raha. Mchana nilicheka na wenzangu, na nilipobaki peke yangu nilitoa ile nailoni nikaitazama na hasira ikanipanda. Nilimkasirikia mama kwa kweli. Alikuwa amenifukuza kwa karanga. Kama alitaka nibaki, kwa nini hakusema? Tungebishana, ningelia, angenipiga kofi, na tungemaliza. Na hasira ilizidi kwa sababu nilikitaka kile chuo. Usiku nilikiota na darasa lake, na chaki nzima nzima, zisizovunjika.

Alhamisi, siku moja kabla ya mabasi na kabla ya safari yetu pia, yule mfanyabiashara wa Butembo alikuja kutuambia atatuchukua kesho asubuhi. Alikuwa amepita Kashuga wiki ile. Aliniita kando, akavua kofia kama mtu aliyebeba salamu za maana, akasema, "Mama yako anakusalimia. Anasema maharagi ilishavunwa yote, iko mu mufuko. Usijisumbue ju ya kurudia."

Nilimshukuru. Nilikwenda nikaketi nyuma ya jiko la yule mjane, palipokuwa na maharagwe yake yameanikwa, na nikafikiri kama mkulima. Mimi mwenyewe nilidondosha mbegu zile nyuma ya jembe la mama. Nilijua juma la kupanda, nilijua mvua iliyofuata. Siku mfanyabiashara alipopita Kashuga, maganda yale yalikuwa bado na upande wa kijani. Mama yangu ni mwanamke aliyewahi kunichapa mbele ya wageni kwa kung'oa shina moja bichi. Kwamba yeye amevuna shamba zima likiwa bichi, hilo hata adui yake asingeliamini. Aliyavuna kwa mdomo tu, akiwa ameketi, ili ile ahadi yangu isiwe na kazi tena.

Ningependa kuandika hapa kwamba nilirudi kwa upendo. Watu wakiisimulia safari yangu hii husema hivyo, nami huwaacha. Ukweli ni kwamba nilirudi ili nigombane na mama. Nilikwenda kwa mwandishi nikamwambia afute jina. Alinitazama, akauliza kama nina hakika. Nikamwambia kuna mtu amenidanganya kuhusu maharagwe. Alifikiri ni Kiswahili chake ndicho hakikutosha. Alifuta, akanirudishia karatasi zangu, na blanketi akakataa kulipokea. Alisema limeshazoea jina langu.

Nilipopanda lori Prezida alihesabu mpaka nane, akarudia, akageuza uso kuelekea Kongo akapenga kamasi kwa muda mrefu. Njiani tuliimba mbele ya kila kizuizi. Mimi katikati ya nyimbo nilipanga hotuba yangu. Ilikuwa na sehemu tatu: kwanza karanga, pili uongo, tatu chuo nilichokiacha kwa sababu yake. Sehemu ya tatu nilikusudia kuisema polepole.

Tulifika Kashuga mchana. Sikupita kibandani, nilikwenda moja kwa moja shambani na mkoba mgongoni na blanketi kichwani. Maharagwe yalikuwa yamesimama yote. Majani yalikuwa yameanza kuanguka, maganda ni ya njano, na hakuna hata shina moja lililong'olewa. Mama alikuwa katikati ya shamba, amenipa mgongo, akikagua ganda moja kwa vidole. Pembeni msichana nisiyemjua alikuwa akipalilia mihogo kwa jembe langu. Nililitambua kwa waya niliouzungusha mwenyewe kwenye mpini. Kisha nikatambua na sketi aliyovaa.

Niliita, "Mama, maharagi yenye mulivuna njo haya?"

Aligeuka. Alinitazama, akayatazama maharagwe, kama mtoto aliyeshikwa mkono wake ukiwa ndani ya sukari. Nilingoja acheke ili nami nipate nafasi ya kuanza na karanga. Hakucheka. Aliuliza tu, "Unarudia nini?"

Alinieleza habari za yule msichana kwa maneno machache. Alitoka Ntoto, alikuwa ametembea msituni siku nyingi, alifika siku ya tatu baada ya mimi kuondoka, hana kitu wala mtu. Mama alikuwa amempa jembe langu, mkeka wangu, sahani yangu na nguo nilizoacha. Hakumwazima. Nilielewa wakati huo kwamba mama yangu, anayefunga hata vipande vya kamba akaviweka, alikuwa amegawa vitu vyangu kama vile vinavyogawiwa baada ya matanga. Hotuba yangu ilipungua sehemu mbili. Nilibaki na moja, nikaitoa ikiwa imevunjika. Nilimwambia alinifukuza.

Mama aliinama akashika shina la kwanza, akaling'oa, akakung'uta udongo. Alisema bila kuinua uso:

"Mutoto, siku ile gari iliondoka nilikulilia, nikamaliza. Nililia yote, mpaka nikaona sasa niko muzima. Leo unarudi. Basi nitaanza tena ku mwanzo."

Nilitandaza lile blanketi la kijivu chini tupate pa kurundika maharagwe. Msichana wa Ntoto aliniletea jembe kwa mikono miwili. Nikamwambia ni lake, kung'oa maharagwe hakuhitaji jembe. Mama alisikia, akang'oa shina jingine. Kisha aliuliza karatasi ziko wapi. Nilimpa nailoni. Alipangusa mikono kwenye kitenge, akahesabu: kadi, cheti, buletini sita, picha. Alizikunja kama zilivyokuwa, akazifunga kwa uzi wa mbegu, akazirudisha chini kabisa ya mkoba, akakaza kamba kwa meno. Kisha akauweka mkoba kando ya njia, mahali ambapo mtu anayekimbia angeweza kuuokota bila kusimama, akaniambia nichukue mistari ya chini kwa sababu mgongo wake ulikuwa unauma.